Bomani: Karani wa Mwadui aliyewatafutia wakulima wa pamba mizani ya haki

Anayefika njia panda ya Tinde mwezi wa Juni, awe anatoka Nzega, Kahama au Shinyanga mjini, hukuta vumbi, upepo mkavu wa asubuhi na anga lisilo na wingu. Mpunga umeshatoka majarubani, mtama umeanikwa na pamba imepasuka mashambani. Ni msimu wa fedha. Lakini mwezi huo huo mkulima wa Tinde, wa Maswa, wa Magu na wa Kasamwa kule Geita, wote wana pamba mkononi, na wote wanamtafuta mnunuzi.

Jambo hilo la watu wengi kuvuna mara moja kwa mwaka, na kuvuna kwa pamoja, ndilo lililomjenga Paul Bomani. Vijana wa leo wanamfahamu kama waziri wa zamani na balozi. Wazee wa ukanda wa pamba wanamkumbuka kwa jambo la karibu zaidi na mfuko wao: mizani. Yeye ndiye aliyewaunganisha wakulima wa Kanda ya Ziwa wakaacha kuuza pamba kila mtu kivyake, wakajenga chama kilichohesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya wakulima barani Afrika. Na ndiye aliyekuja kuonja uchungu pale chama hicho kilipoanza kulalamikiwa na wakulima wenyewe.

Joto la wastani, mvua ya mashaka

Kuelewa maisha ya Bomani ni lazima kwanza kuielewa hali ya hewa ya Usukuma. Sehemu kubwa ya nchi hiyo iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo joto lake ni la wastani: mchana jua ni kali lakini halina unyevu wa Pwani, na usiku hupoa bila kufikia baridi ya Makete. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Mei. Upande wa Shinyanga hupata kama milimita 600 hadi 900 kwa mwaka, na kiasi hicho huongezeka kadiri mtu anavyosogea ziwani na Geita. Katikati, yaani Januari na Februari, mvua hukatika kwa siku kadhaa, na mwaka mbaya hukatika kwa wiki nyingi. Baada ya Mei ni kiangazi kitupu hadi mvua za mwaka unaofuata.

Kahawa haiwezi kustawi kwa mvua ya namna hiyo. Mahindi huteseka mvua ikikatika. Pamba ndiyo inayoivumilia, kwa sababu mizizi yake huzama chini, na ua likipotea mche una nafasi ya kutoa jingine. Inataka joto kwa miezi mitano au sita, inataka unyevu wakati wa kukua, kisha inataka ukavu wakati wa kupasua vitumba. Mvua ikinyesha juu ya pamba iliyokwisha kupasuka, nyuzi hupata madoa na mkulima huangukia daraja la pamba fifi. Ndiyo maana wataalamu wa Ukiriguru, kituo cha utafiti kilicho karibu na Mwanza, wamekuwa wakiwashauri wakulima wapande kati ya Novemba 15 na Desemba 15, ili mavuno yaangukie kiangazini.

Udongo nao una mpangilio wake. Juu ya mteremko kuna mchanga, ambao Wasukuma huuita luseni, mahali pa mihogo, karanga na viazi. Ukishuka unakuta udongo mzito zaidi wa pamba na mtama. Chini kabisa ni itogolo na mbuga, mahali pa majaruba ya mpunga, na mvua zikielekea kwisha dengu hupandwa kwenye unyevu uliobaki. Kila kaya ilitaka kipande juu na kipande chini, ili mwaka mmoja ukikataa hapa uitikie pale.

Hali hiyo ilizaa jamii ya aina yake. Hapakuwa na mashamba makubwa ya walowezi kama ya mkonge kule Tanga. Pamba ilikuwa ya ekari mbili au tatu za familia, iliyolimwa kwa jembe la mkono na plau ya ng'ombe, na vikundi vya bugobogobo vikiimba shambani. Ardhi ilikuwa ya wakulima, nguvu za kazi ni zao, ng'ombe ni wao. Kitu pekee ambacho hakikuwa chao ni mizani.

Mtoto wa mchungaji

Paul Lazaro Bomani alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, katika familia ya Kisukuma. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Waadventista Wasabato, na kijana Paul alisoma katika shule za misheni hiyo. Mdogo wake, Mark Bomani, baadaye alikuja kuwa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Tanzania.

Katikati ya miaka ya 1940 Paul alipata kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga. Mgodi huo ulianzishwa na Mkanada John Williamson baada ya kugundua almasi hapo mwaka 1940. Mwadui ilikuwa mahali ambapo thamani ilipimwa kwa uangalifu mkubwa, na kila jiwe liliandikwa kwenye daftari. Nje ya uzio, kilomita chache tu, mkulima alikuwa anapeleka pamba yake kituoni bila kujua ina kilo ngapi mpaka aambiwe na mnunuzi.

Mwaka 1947 Bomani aliacha Mwadui akahamia Mwanza. Huko akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika. Walikuwa watu wa maduka madogo, waliokuwa wakihangaika kupata bidhaa za jumla katika soko lililoshikwa na wafanyabiashara wenye mitaji mikubwa. Kazi ile ilimwonyesha jambo ambalo mfanyabiashara mdogo wa Tinde analijua hata leo: duka la kijijini hutegemea pamba. Mkulima akipunjwa kituoni, mwenye duka naye atakaa na vitenge na sukari yake mpaka mwaka mwingine.

Kilo zilivyopotea

Wakati huo pamba ilinunuliwa na wenye vinu vya kuchambua pamba na mawakala wao, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wa Kiasia. Serikali ya kikoloni ilitangaza bei. Lakini bei kutangazwa ni jambo moja, na kilo kuhesabiwa sawasawa ni jambo jingine. Mizani iliweza kulegezwa. Uzito wa gunia uliweza kukatwa zaidi ya ulivyostahili. Pamba safi iliweza kuitwa fifi. Mkulima aliyetembea tangu alfajiri na mzigo wake kichwani au juu ya punda hakuwa na nguvu ya kuurudisha nyumbani. Isitoshe, nyuma yake palikuwa na foleni ya wenzake wenye mzigo kama wake.

Hapo ndipo hali ya hewa ilipomsaidia mnunuzi. Pamba yote ya nchi ilikuwa inafika kituoni katika miezi ile ile. Mkulima alihitaji fedha za kodi, za mavazi na za chakula. Hakuwa na ghala, wala zao jingine la kumwingizia fedha mwezi wa Septemba. Mnunuzi alilijua hilo.

Tatizo hili halikuwa la Usukuma peke yake. Kusini mwa Ufaransa, katika nchi ya mizabibu ya Languedoc, jua la kiangazi huivisha zabibu kwa wakati mmoja, na kila mwenye shamba dogo huingiza mvinyo sokoni pamoja na jirani yake. Bei ilipoanguka, wakulima wa kijiji cha Maraussan walianzisha ushirika mwaka 1901, na mwaka 1907 mkoa mzima uliingia katika maandamano makubwa. Kwa Dodoma mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa mkulima wa zabibu akipogoa vizuri huvuna mara mbili kwa mwaka, na hivyo ana nafasi ya pili. Mkulima wa pamba hana nafasi hiyo. Akikosa Juni, amekosa mwaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa sehemu kadhaa za Jimbo la Ziwa, wakiwamo wa Ukerewe, walianza kuweka watu wao wa kuhakiki mizani vituoni, wakiwalipa kwa michango yao wenyewe. Bomani aliona kwamba hilo ndilo jiwe la msingi. Mwaka 1952 akaongoza kuundwa kwa umoja wa wakulima wa pamba wa jimbo hilo. Yeye na wenzake walizunguka vijijini kwa baiskeli na kwa malori, wakifanya mikutano chini ya miti. Kiangazi kilikuwa upande wao sasa: barabara zinapitika, kazi za shamba zimepungua, na watu wana nafasi ya kusikiliza.

Kutoka kituoni hadi kinuni

Mwaka 1953 Bomani alikwenda Uingereza kusomea ushirika katika chuo cha Loughborough. Aliporudi alikuta vyama vya msingi vikiongezeka kwa kasi. Mwaka 1955 vyama hivyo viliunganishwa katika shirikisho lililojulikana kama Victoria Federation of Co-operative Unions, na Bomani akawa meneja wake mkuu akiwa na umri wa miaka 30.

Mfumo wake ulikuwa rahisi kueleweka. Chama cha msingi kilipokea pamba kijijini, kikaipima na kuipanga madaraja. Umoja wa wilaya ulisimamia vyama vya msingi. Shirikisho lilishughulika na usafiri, vinu na Bodi ya Pamba. Hatua kubwa zaidi ilikuwa kuingia katika uchambuaji, kwa sababu faida ya pamba haikuishia kituoni. Katikati ya miaka ya 1950 shirikisho lilipata kinu chake la kwanza kule Kasamwa, Geita, na vingine vikafuata. Kufikia mwaka 1959 ununuzi wa pamba yote ya jimbo ulikuwa mikononi mwa vyama vya wakulima.

Geita kuwa mwanzo wa kinu haikuwa bahati nasibu. Miaka hiyo mapori ya mbung'o upande wa magharibi yalikuwa yakifyekwa, na familia nyingi za Shinyanga, Kwimba na Mwanza zilihamia huko zikifuata ardhi mpya na mvua nyingi zaidi. Kabla dhahabu haijawa jina kubwa la Geita kama ilivyo leo, pamba ndiyo iliyowavuta watu.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na mpango wake. Tangu mwaka 1947 iliendesha mradi wa maendeleo ya Usukuma wenye makao Malya. Wakulima walilazimishwa kutengeneza matuta ya kufunga ili kuzuia maji, kupunguza mifugo na kuzingatia sheria nyingi za shamba, na aliyekaidi alitozwa faini. Baadhi ya mawazo yale yalikuwa na maana katika nchi yenye mvua za mashaka. Kosa lilikuwa kwenye amri. Watu waliyachukia matuta yale kwa sababu yaliletwa na askari wa mtemi, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mradi ulikufa kwa upinzani. Wakati huo huo vyama vya ushirika, ambavyo havikumlazimisha mtu, vilikuwa vinajaa wanachama.

Siasa hazikukaa mbali. Bomani alikuwa kiongozi wa TAA katika Jimbo la Ziwa, na baadaye mtu wa TANU. Kuanzia mwaka 1954 hadi 1958 serikali ilikataa kuandikisha matawi ya TANU huko Usukuma. Katika miaka hiyo chama cha msingi cha pamba kilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo wakulima waliweza kukutana kihalali na kuchagua viongozi wao kwa kura. Mwaka 1958 Geita ilipowaka kwa maandamano ya kupinga baraza la mchanganyiko wa rangi, watu waliokuwa wamezoea kuhoji mizani hawakuona ajabu kuihoji serikali.

Mizani yageuka

Mwaka 1960 Bomani aliingia katika baraza la mawaziri akishika Kilimo na Ushirika, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha. Serikali ya nchi huru ilitaka ushirika uenee kila mkoa na kila zao, kwa haraka. Uzalishaji wa pamba wa ukanda wa magharibi ulipanda sana katika miaka hiyo, na fedha zilizopita mikononi mwa vyama zikawa nyingi kuliko uwezo wa makarani na makatibu waliokuwapo.

Malalamiko yakaanza. Makato yaliongezeka, malipo yalichelewa, na kulikuwa na makarani wa mizani waliofanya yale yale ya wanunuzi wa zamani. Mkulima aliyekuwa amemfukuza mpunjaji mlangoni alimkuta dirishani, safari hii akiwa ndugu yake. Shirikisho lilikuwa limekuwa kubwa kiasi kwamba mwanachama wa kawaida hakujua tena nani anaamua nini.

Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1965 Bomani, akiwa Waziri wa Fedha, aligombea ubunge Mwanza akashindwa. Lilikuwa pigo zito kwa mtu aliyejenga jina lake katika mkoa ule ule. Mwalimu Nyerere alimteua kuwa mbunge na kumpa wizara ya mipango ya uchumi. Mwaka uliofuata, 1966, tume iliyoundwa na Rais kuchunguza ushirika nchini ilikuta udhaifu mkubwa wa usimamizi, matumizi mabaya na ukosefu wa uaminifu katika vyama vingi. Serikali iliingilia uendeshaji wa shirikisho la Ziwa, na muda si mrefu nafasi yake ikachukuliwa na Nyanza Co-operative Union.

Mwaka 1972 Bomani alikwenda Washington kuwa balozi wa Tanzania nchini Marekani, akakaa huko hadi mwaka 1983. Akiwa mbali, mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika vyote, na pamba ikabaki kwa mamlaka ya umma. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na mwaka 1984 Nyanza ilizaliwa upya na SHIRECU ikaanza kwa Mkoa wa Shinyanga. Lakini vilirudi kutoka juu, kwa amri, vikiwa na madeni na wanachama wasio na imani. Mwaka 1994 biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa kampuni binafsi, vyama vikuu havikuweza kushindana. Katika msimu wa 2018 serikali iliagiza pamba iuzwe tena kupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS.

Paul Bomani alifariki dunia Aprili 2005, akiwa na umri wa miaka 80.

Alichoacha

Pamba ilikuwa na gharama ambayo kizazi cha Bomani hakikuihesabu sawasawa. Miti ilikatwa kwa ajili ya mashamba na kwa kufukuza mbung'o, na kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa kipara. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifufua desturi ya zamani ya ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazini. Nao ulifaulu pale ambapo kaya na vijiji viliachiwa kumiliki ngitili zao. Ni somo lile lile la Malya, safari hii likiwa limeeleweka.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo wa leo, maisha ya Bomani yana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba katika nchi ya msimu mmoja wa mvua, mtu mmoja mwenye magunia matano hana bei. Choroko na dengu zinazouzwa kupitia stakabadhi ghalani zina shida ile ile ya pamba: zinakomaa kwa wakati mmoja kwa wote. Anayeweza kusubiri ni yule aliyejiunga na wenzake, mwenye ghala na mwenye rekodi.

La pili ni kwamba chama hakilindwi na jina lake. Umoja wa wakulima ulianza na watu waliochanga fedha zao ili mtu wao asimame kando ya mizani na kusoma namba. Ulianza kuoza pale mwanachama alipoacha kusoma namba, akidhani kwa kuwa chama ni chake basi karani hawezi kumwibia. Mkutano mkuu wa AMCOS unaofanyika kiangazi hiki ni mahali pa kuuliza mizani ilihakikiwa lini na Wakala wa Vipimo, makato ni ya nini, na hesabu za mwaka jana ziko wapi. Mvua ya Usukuma itaendelea kuwa na mashaka yake, na hakuna chama kitakachoibadili. Kilo za mkulima hazina sababu ya kuwa na mashaka hayo.